Fimbo iliondoka, karatasi ilibaki

Namna sheria za ukoloni zilitenga mutu wa mugini na mutu wa kazi katika Katanga

Katika mikutano yetu ya sendika kuko swali moja lenye linarudiaka kila mara, hata kama mukutano uliitwa juu ya mushahara ao matunzo ya wagonjwa: huu udongo ni wa nani? Kompani inafika na karatasi kutoka Kinshasa. Shefu wa mugini anaitwa, anatia sahihi. Kiisha siku kidogo mashini zinaanza kuchimba pahali palikuwa mashamba ya mihogo. Wenye walikuwa wanalima wanalipwa mihogo, udongo haulipwi. Watoto wao, wakipata bahati, wanaandikwa kazi kwa kompani ndogo ya sous-traitance, kwa mukataba wa miezi mitatu.

Watu wengi wanasema haya ni mambo ya rushwa ya wakubwa wa leo. Rushwa iko, hatukatai. Lakini katika mafunzo ya delege wetu tuliamua kufuata zile karatasi nyuma, moja kwa moja, na tarehe zake. Tulifika mbali kuliko tulivyofikiri. Karibu kila karatasi yenye kompani inatuonyesha leo iko na babu yake katika wakati wa Wabeleji.

Udongo «wenye hauna mwenyewe»

Karatasi ya kwanza ni ya tarehe 1 Julai 1885, mwanzo kabisa wa serikali ya Mufalme Leopold II. Inasema kwa ufupi: mutu asitwae udongo wenye hauna mwenyewe bila ruhusa, na udongo wa namna ile ni mali ya Leta. Ukiisoma haraka, utasema ni sheria nzuri ya kuzuia wezi. Lakini nani ataamua ni udongo gani hauna mwenyewe? Kwa wale wenye kuandika, udongo wa mutu ni pahali pa nyumba yake na shamba lake la mwaka ule. Kwa wazee wetu, shamba linalazwa miaka mingi mbele ya kulimwa tena. Pori ni pahali pa kuokota masuku na bowa, pa kutafuta vinkubala, pa kuwinda, pa kuzika. Hautaona nyumba pale, lakini kila mutu wa mugini anajua ni pori la ukoo gani. Kwa neno moja la ile sheria, sehemu kubwa ya inchi ikahesabiwa kuwa tupu.

Mukuba vilevile. Mbele ya wazungu, Basanga, Bayeke na wengine walikuwa wanachimba na kuyeyusha mukuba. Misalaba ya mukuba ilitembea mbali sana, kama franka za kununua na kama mali ya kuolea. Mugodi ulikuwa na mwenyewe, na heshima yake, na wakati wake: kiangazi, mavuno yakiisha.

Tarehe 20 Desemba 1891, Mwami M'siri alipigwa risasi kule Bunkeya na Kapiteni Omer Bodson, mutu wa safari ya Stairs. Katika mwaka wa 1900 Comité Spécial du Katanga ikaundwa, na ndani yake Leta na kompani walisimamia pamoja udongo na migodi. Katika mwaka wa 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka Rhodesia ikafika Élisabethville katika 1910, na katika 1911 mukuba wa kwanza ukatoka katika tanuru la Lubumbashi. Toka risasi ya Bunkeya mpaka moto wa tanuru, hata miaka 20 haikutimia.

Wengine watasema: uhuru ulikuja, mambo hayo yakaisha. Tuangalie. Sheria Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha udongo na migodi kutoka mikono ya kompani za ukoloni. Ni jambo kubwa, na wazee wetu wa kazi waliimba siku ile. Lakini ilirudisha kwa nani? Kwa Leta. Kiisha sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 ikaandika katika artikle 53 kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake. Artikle 387 ikasema hata udongo wenye watu wa mugini wanaikalia na kuulima ni wa Leta. Haki zao je? Artikle 389 ilijibu kwamba amri ya Prezida itazipanga. Miaka makumi ikapita bila ile amri kutoka. Njo maana mama mwenye kulima pahali nyanya yake alilima, mbele ya kompani anaonekana kama mugeni. Mihogo ni yake. Udongo chini ya mihogo, hapana.

Shefu wa medali

Wakati kompani inaita shefu kutia sahihi, inasema inaheshimu desturi. Basi tuangalie desturi yenyewe.

Dekre ya tarehe 2 Mai 1910 iliagiza kila mweusi awe chini ya shefferi, na kila shefu atambuliwe na Leta. Shefu alipewa medali ya kuvaa kifuani. Kazi yake ikawa kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi na wa jeshi, kusafisha barabara. Mwenye hakutii alinyanganywa medali, na mwingine akawekwa, hata kama hakuwa wa ukoo wa utawala. Pahali pengine wazee walikuwa werevu: walimuficha shefu wa kweli na kumutuma mutu mwingine mbele ya muzungu. Lakini miaka ikipita, medali inazaa watoto, na yule wa kutumwa anakuwa shefu kweli.

Katika mwaka wa 1917 kulikuwa zaidi ya shefferi 6 000 katika Kongo nzima. Katika 1938 zilibaki kama 1 200. Wazungu waliziunganisha juu administrateur mumoja asiweze kuzunguka mwezi muzima kwa kutafuta mashefu wadogo. Pahali ambapo hawakuona shefu mukubwa, walichanganya mashefu wadogo na kuita ile sekta. Dekre ya tarehe 5 Desemba 1933 ikatia muhuri. Mipaka mingi yenye tunagombania leo ilikatwa ile wakati, kwa faida ya ofisi.

Na tribinali? Dekre ya tarehe 15 Aprili 1926 iliruhusu tribinali za wenyeji kukata maneno kwa desturi, ikiwa desturi ile haipingani na yale wazungu waliita utaratibu mwema. Hapa kwetu, katika Élisabethville, mukubwa wa sheria Antoine Sohier alianzisha katika 1933 gazeti lenye kukusanya hukumu za zile tribinali na desturi za makabila. Ile kazi iko na faida, wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Lakini tufikiri kidogo. Desturi, mbele ya kuandikwa, ilikuwa ni mazungumuzo. Wazee wanakaa, kila mutu anatoa mufano wa zamani, wanatafuta njia yenye itarudisha amani, na mwaka wenye kufuata wanaweza kupata njia ingine. Ikiandikwa, inasimama. Na wakati wa kuandika, nani aliulizwa? Mashefu wenye medali na wazee wanaume. Wanawake na vijana walikuwa nyuma, wanapika na kusikiliza.

Jambo moja lilipotea pale, na sisi watu wa migodi tunalilipia mpaka sasa. Katika migini yetu mingi, shefu hakuweza kutoa udongo peke yake. Kulikuwa mwine udongo, kulikuwa wazee wa koo, kulikuwa shauri. Sahihi ya mutu mumoja chini ya karatasi moja, na mambo yameisha: hiyo ni desturi ya ofisi ya ukoloni. Katiba ya 2006, katika artikle 207, inakubali mamlaka ya desturi, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inapanga hali ya mashefu. Ni vizuri. Lakini shefu anayelipwa na Leta na kutambuliwa kwa karatasi ya Leta, iko vigumu kwake kuikatalia Leta inapokuja pamoja na kompani.

Buku ya kazi

Sasa tuende upande wa kazi. Wazee wetu hawakukimbilia migodi kwa mapenzi. Kulikuwa kodi, na kodi ilitakwa kwa franka. Mihogo haikukubaliwa. Franka zilikuwa wapi? Kwa mugodi ao kwa reli. Toka 1910 Bourse du Travail du Katanga ilituma watu wa kuandikisha wafanyakazi katika migini, na mashefu walipewa zawadi kwa watu wenye walitoa. Mutu hakusemezana na mwenye mugodi. Alisemezana na mwandikishaji, na mwandikishaji alimupeleka pahali alitaka. Vijana wetu wa sous-traitance, mukisoma maneno haya, munajua tunazungumuza juu ya nini.

Dekre ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mukataba wa kazi iliandika kitu chenye kushangaza: mufanyakazi mweusi akivunja mukataba, anaweza kufungwa. Ni kusema, deni la kazi likageuka kosa la gereza. Muzungu akiacha kazi, anaondoka; mweusi akiacha kazi, anatafutwa kama mwizi. Juu ya hayo kulikuwa fimbo, yenye ilidumu mpaka karibu ya uhuru. Wakati wa vita ya pili watu wa migini pia walibanwa: siku za kazi ya lazima ziliongezwa mpaka 120 kwa mwaka.

Karibu na mwaka wa 1928 Union Minière ilibadilisha njia. Iliona mufanyakazi wa miezi sita anakufa ao anakimbia, na kumufunza mwingine ni garama. Basi ikaanza mikataba ya miaka mitatu, ikaita wabibi, ikajenga kampi zenye nyumba, hospitali, masomo ya wamisionere. Watu walitoka Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi. Hata hii luga munasoma sasa ilipata nguvu pale. Kiswahili kilikuwa kimefika Katanga mbele, na watu wa biashara, lakini kampi njo zilikifanya kuwa luga ya kazi, na watoto wakazaliwa ndani yake.

Kampi zilitoa mambo mazuri, wazee wanazikumbuka na huzuni. Lakini zilitoa pia mutu mupya: mutu mwenye nyumba, posho, masomo na matunzo yake vyote viko kwa mukubwa mumoja. Kazi ikiisha, nyumba inaisha siku ileile. Na kuanzia 1931 dekre nyingine iliita miji ya weusi «centre extra-coutumier», ni kusema pahali inje ya desturi. Basi Leta ikawa na watu wa namna mbili. Wa mugini yuko chini ya shefu na desturi yenye imeandikwa. Wa kazi yuko chini ya kompani na buku yake. Wawili wale ni ndugu wa tumbo moja, lakini hakuna sheria hata moja yenye iliwaruhusu kukaa pamoja na kusema juu ya mugodi wenye uliwachukua wote wawili.

Wenye walijaribu waliona. Katika Desemba 1941, bei zilikuwa zimepanda juu ya vita, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Walikuwa wameona wafanyakazi wazungu wakisimama na kuongezewa. Tarehe 9 Desemba, katika kiwanja cha mupira cha Lubumbashi, waaskari walipiga risasi juu ya watu wenye kukusanyika. Musemaji wao Léonard Mpoyi aliuawa pale, pamoja na watu makumi. Katika 1946 tu Leta ilikubali sendika za weusi, na ilizifunga kwa kamba nyingi: administrateur alikuwa na haki ya kuingia na kusikiliza.

Nyumba, ndoa na «asili yako»

Karatasi ziliingia mpaka chumbani. Posho ya kampi ilihesabiwa kwa bwana, bibi na watoto wenye wameandikwa. Kwa Balamba na Babemba, mutoto ni wa ukoo wa mama, na mujomba iko na neno kubwa. Lakini mujomba hakuandikwa katika buku ya kampi. Kidogo kidogo baba akawa mukubwa wa kila kitu, na mama akawa mutu wa kulishwa. Katika miji, mwanamuke mwenye kuishi peke yake alilipishwa kodi yake, kama vile kuishi bila bwana ni kazi ya faida. Katika 1950 dekre ikakataza ndoa mupya ya wabibi wengi.

Hatulilie kila kitu cha zamani, na wabibi wetu wa sendika hawatatuachilia tulilie. Tunasema tu kwamba ile nyumba ya kampi, bwana juu, bibi chini yake, tuliichukua na kuiita desturi ya Mwafrika. Sheria ya jamaa ya 1987 iliandika kwamba bibi anahitaji ruhusa ya bwana wake kwa mambo mengi ya sheria. Ilingojwa mpaka 2016 kuondoa ile ruhusa. Kuna wanaume wenye walilalamika kwamba desturi imeuawa. Waende kuuliza Balamba.

Na katika buku ya kazi kulikuwa musitari mumoja wenye ulituumiza kuliko fimbo: kabila, shefferi, mugini wa asili. Mutu akizaliwa kampini, baba yake amezaliwa kampini, bado anaandikwa wa pahali hajaona. Katika 1992 na 1993, wakati siasa iliwasha moto, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni ya gari la moshi miezi, wakingojea mabehewa, na watoto wengi walikufia pale. Walikuwa wafanyakazi wa migodi, na watoto wa wafanyakazi. Siku ile hakuna mutu aliuliza namba yao ya kazi. Waliulizwa asili. Mpaka leo karatasi ya uchaguzi iko na ule musitari.

Mambo ya leo

Kwa nini tunaandika haya katika gazeti, pahali pa kuandika juu ya mishahara? Juu ile kamba ya kututenga iko inatumika mpaka sasa. Kompani inazungumuza na shefu siku ya Jumatatu, na delege wa sendika siku ya Jumanne, katika vyumba viwili. Kwa mugini inasema: tukiongeza mishahara, hatutakuwa na franka za kisima chenu. Kwa wafanyakazi inasema: watu wa mugini njo wanafunga barabara na kuharibu kazi yenu. Kila upande unarudi kwake na hasira juu ya ule mwingine.

Lakini sheria za leo ziko na milango, na hatuitumie ya kutosha. Kode ya migodi ya 2002, yenye ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaagiza kompani kuandikiana na watu wa pale daftari ya mapatano, ile wanaita cahier des charges: kisima, masomo, hospitali, barabara, na tarehe ya kila kimoja. Inaagiza pia kutoa 0,3 % ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya watu wa pale. Na katika kodi ya migodi, ile redevance, 15 % inaenda kwa komini, sekta ao shefferi yenye mugodi uko ndani. Muliona? Ile shefferi na ile sekta za mipaka ya 1933 njo zinapokea franka za mukuba na kobalti. Njo maana ugomvi wa mipaka umerudi na nguvu. Mwenye hajui historia ya ule mupaka atapigana na jirani wake juu ya musitari wenye ulikatwa na mutu mwenye hakuwajua wote wawili.

Katiba nayo inatupa silaha. Artikle 34 inalinda mali ya mutu ao ya watu pamoja, ikipatikana kwa sheria ao kwa desturi. Artikle 38 inalinda sendika, artikle 39 inalinda haki ya kugoma. Wazee wa 1941 hawakuwa na hata mumoja kati ya hiyo mistari.

Sisi tunaomba mambo matatu tu, na hayahitaji sheria mupya. La kwanza, kila cahier des charges isomwe mbele ya watu wote wa mugini, kwa Kiswahili ao kwa luga ya pale, mbele ya sahihi. Karatasi ya Kifaransa yenye watu watatu wameisoma haiwezi kuitwa mapatano ya mugini. La pili, siku ya kusemezana juu ya kuhamisha watu, wabibi wenye kulima wakae ndani, na koo zenye udongo zitume watu wao. Shefu asiachwe peke yake mbele ya avoka wa kompani. Hiyo ni kumusaidia, maana sahihi ya watu wengi ni vigumu kuinunua. La tatu, delege wa sendika na wajumbe wa mugini waonyeshane karatasi zao mbele ya kuingia mukutanoni. Mukishaweka karatasi mbili kwenye meza moja, utaona haraka pahali kompani iliahidi kisima kimoja mara mbili.

Delege wenye wanataka nakala ya artikle zenye tulitaja, zimetafsiriwa kwa Kiswahili chepesi, waulize katika mukutano wa mwisho wa mwezi. Waje na mutu mumoja wa mugini wao.